Karata za Marehemu Salum

Rukia,

Salamu sikupi. Uko chumba cha pili unapiga pasi lile gauni la kijani, na nakusikia unavyoigonga pasi hiyo kama unamwadhibu mtu. Naandika badala ya kukuita kwa sababu mdomo wangu naujua. Nikiufungua utatoka ukali, wewe utalia, mimi nitazidisha ukali, na kesho alfajiri utapanda basi hatujaambiana kitu. Kalamu inanipunguza mwendo. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikienda upande usinicheke. Wewe mwenye vyeti, nani alikufundisha kuhesabu kama siyo mimi, kwa vifungo vya mashati, juu ya mkeka?

Habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kutomshikisha mtu simu yako stendi, sisemi. Una miaka ishirini na sita. Kama hukuyajua hayo mpaka leo, basi nimelea mbuzi.

Nasema la juzi. Juzi alasiri ulipiga magoti mbele yangu ukasema, "Bibi, naomba radhi yako, nikaondoke moyo mweupe." Nami nikageukia ukutani. Tangu hapo unapita humu ndani kwa ncha za vidole kama mgeni aliyevunja sahani. Unadhani nimekunyima radhi kwa sababu unakwenda Arusha kucheza kamari. Hebu niache. Kwamba ni haramu najua, sihitaji kuambiwa na mtu. Nilicheza miaka kumi na moja, na aliyekufundisha wewe ni mimi. Ningekunyima kwa hilo ningekuwa na uso gani?

Nilikunyima kwa sababu uligawa mafungu matatu.

Kumbuka vizuri. Kabla hujapiga magoti ulisema tucheze mkono mmoja wa kuagana. Tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, mlango umefungwa. Ukagawa mbili kwangu, mbili kwako, na mbili ukaziweka pale patupu upande wa dirishani, polepole, umezinyoosha kwa kidole zikae sawa.

"Umemgawia nani?" nikakuuliza.

Ukacheka. "Khaa! Nimekosea, bibi. Mkono umeenda wenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshatazama za kwangu. Tisa mbili. Ndipo nilipozitupa, na chai ikamwagika, na wewe ukadhani nimepandwa na presha. Uliziokota za kwangu na za kwako. Zile za dirishani sikukuruhusu uziguse. Nilizifunika na kawa, na mpaka hivi naandika ziko pale chini ya kawa, kifudifudi, na mimi nimekaa nazo chumba kimoja siku mbili.

Sasa sikiliza, maana jina la Salum hujawahi kulisikia humu ndani. Nililizuia mimi.

Salum alikuwa na duka la vifungo, zipu na nyuzi, hapa hapa Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Mwarabu wa kuzaliwa hapa, mweupe, mpole, anapima uzi kwa mkono wake mwenyewe na kila mara anaongeza kidogo. Jumapili alikuwa hafungui. Chumba cha nyuma ya duka kiligeuka baraza letu la karata, watu wanne: yeye Salum, mimi, Mama Getruda wa Mtwara muuza korosho, na Kondo, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Mchezo aliuleta Kondo, alifundishwa na mabaharia. Ndio huu huu unaocheza wewe kwenye simu ukadhani mmeuvumbua ninyi. Mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani, tatu kwanza, halafu moja, halafu moja.

Tulicheza kwa dau la kipimo, kama hilo la huko unakokwenda, kwa vifungo ambavyo jioni tulivibadili kwa pesa. Mizunguko miwili ya mwanzo kifungo kimoja, miwili ya mwisho vifungo viwili. Basi. Huwezi kumwaga bakuli zima ukamtisha mwenzako. Watu wanasema mchezo wa kipimo ni salama. Uongo mtupu. Huo ndio unaokumaliza, maana kila hatua ni rahisi. Kifungo kimoja nini? Umeshafika hapa, unashindwa nini kutazama karata moja zaidi? Na moja zaidi? Hakuna anayekusukuma. Unakwenda kwa miguu yako mwenyewe.

Na hakuna karata zinazokutembeza hivyo kama pea za katikati, karata mbili za namba moja. Ukishika wafalme wawili unajua ulipo. Ukishika mbili na saba unajua pia, unatupa unakunywa kahawa yako. Lakini saba mbili, nane mbili, tisa mbili! Ni nzuri kuliko kuzitupa na ni mbaya kuliko kuziamini. Zikifunuliwa tatu za mwanzo na ya kwako ya tatu imo, na hiyo huja kama mara moja katika nane, usijifanye mjanja wa kujificha. Pandisha dau, walipe. Zikiwa zote ndogo kuliko zako na mmebaki wawili, endelea kuweka, usimpe mwenzio karata ya bure. Lakini mezani ikitokea kubwa, mfalme au ree, na mko watatu au wanne, na mtu mmoja kanyamaza ghafla, tisa zako zimekufa. Zilaze. Usizilie. Mimi haya niliyajua yote. Kujua hakukunisaidia.

Salum alikufa. Homa ya siku nne tu, Jumatano tukamzika. Mkewe, Bi Thuwaiba, akaingia eda, miezi minne na siku kumi hatoki, chumba chake kiko nyuma ya pazia, ukuta mmoja na kile tulichochezea. Ndugu wa mume wakalifunga duka, chumba cha nyuma wakakiacha. Sisi tulijua hana kitu, na tulijua ukimpelekea bahasha atakurudishia na matusi ya adabu, yale ya "Ahsante dada, tumeshiba."

Kondo ndiye aliyebuni. Akaliendea pazia, akabisha hodi. "Shemeji, sisi watatu mchezo haunogi. Tunaomba ruhusa tuendelee kumgawia marehemu. Bakuli lake la vifungo lipo. Akila, ni lako."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Na akiliwa?"

"Akiliwa tutamkopesha. Anadaiwa na nani huko aliko?"

Tukamsikia anacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi ikawa desturi. Salum anagawiwa mbili, mahali pake, upande wa dirishani. Hakuna anayezitazama. Zamu yake ikifika, mwenye kukaa kushoto anachukua kifungo bakulini anamwekea. Hapandishi, hatupi. Anafuata tu mpaka mwisho, ndipo zinafunuliwa. Tulijua tutamlisha sisi wenyewe, tutamwachia huku na huku. Mtu anayefuata kila kitu bila kutazama atashinda vipi?

Akashinda, Rukia.

Jumapili ya kwanza tulifurahi. Ya tatu Mama Getruda akaanza kuvaa rozari. Hakuwa akimla kila mtu. Kondo na Mama Getruda walimpata mara mbili, tatu. Aliyekuwa akiliwa ni mimi, na ni kwenye pea zangu za katikati tu. Nikishika nane mbili, yeye atafunua tisa na kumi, na kumi iko mezani. Nikishika saba mbili, atafunua takataka ambayo ya tano ndiyo imeitengeneza. Na hesabu iko upande wangu! Karata mbili zisizotazamwa na mtu, mbele ya tisa mbili, mara nyingi zinaliwa. Nenda kaulize wajuzi wako wa kwenye simu. Nilikuwa sahihi, na nikaliwa, na nikaliwa tena. Na kila anapozoa, tunasikia nyuma ya pazia mtu anasogea kitandani.

Wangekuwa wengine wangefurahi. Mjane anapata riziki, si ndicho tulichokitaka? Mimi moyo ukaniingia kutu. Nilisema moyoni, siwezi kuliwa na maiti. Ndivyo nilivyosema, kwa maneno hayo hayo.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla eda haijaisha. Kondo kagawa. Nafunua pembe, tisa mbili, ya kopa na ya uru. Kabla hatujaweka hata kifungo, adhana ya alasiri ikalia. Nasi tulikuwa na kanuni: adhana ikilia kila mtu analaza karata zake, na hakuna kugusa meza mpaka waliokwenda kusali warudi. Kondo akaenda msikitini. Mama Getruda akatoka kufuata kahawa barabarani.

"Wewe huendi ndani kusali na Thuwaiba?" akaniuliza akiwa mlangoni.

"Sina sala leo," nikasema.

Uongo. Niliukataa mkeka wa Mungu ili nibaki peke yangu na karata za mtu aliyekufa.

Chumba kilikuwa na joto, na feni ilikuwa imezimwa kwa heshima ya adhana. Nikanyoosha mkono. Nakuapia, pale mahali pake palikuwa na ubaridi, kama umeingiza mkono kwenye mtungi. Nikazinyanyua kwa kidole gumba. Mbili ya shupaza, saba ya maua. Hamna kitu, uchafu kuliko uchafu wote uliomo kwenye pakiti. Nikazirudisha. Nilikuwa natabasamu, Rukia. Nilitabasamu nikiwa peke yangu chumbani.

Wakarudi. Nikapandisha dau. Wote wakafuata, na marehemu akafuata. Zikafunuliwa tatu: mfalme, saba, nne. Hapo ndipo mtu mwenye akili anaposimama na kufikiri. Kuna mfalme, kuna watu. Kondo akaweka, na Kondo hawekagi bure. Nikampandishia. Akanitazama muda mrefu.

"Leo umepanda na jini gani, Mwanahawa?" Akatupa. Mama Getruda naye akatupa. Nikabaki na Salum.

Saba yake imempata mwenzake, sawa, lakini tisa zangu bado zinamla, na hilo mimi nalijua kwa macho yangu. Ya nne ikaja kumi. Nikaweka viwili. Mama Getruda akamwekea marehemu viwili, anasema, "Baba Salum, nisamehe, ni mchezo tu."

Ya tano ikaja mbili.

Elewa kilichonipata. Mtu yeyote asiyejua karata za Salum angeweka tena. Tisa mbili, mbele ya karata zisizotazamwa, na mbili kijitu gani cha kumtisha mtu? Nilikuwa nimeweka kila mzunguko, nimepandisha, nimewafukuza watu. Nikiacha sasa nimejitangaza. Nikiweka, namlipa marehemu nikijua. Mkono wangu ukaenda bakulini na ukagoma. Nikagonga meza kwa kidole, kwamba napita.

Kondo akasema polepole, "Mbona umeacha?"

Mama Getruda akacheka kwa woga. "Kamwogopa Salum!"

Akazifunua za Salum. Saba juu, mbili chini. Pea mbili. Tisa zangu zikalala pale kama samaki wa jana. Hakuna aliyenisema. Kondo alikuwa anatazama kidole changu, kile nilichogongea meza. Na nyuma ya pazia, safari hii, hapakusogea kitu.

Siku Thuwaiba alipotoka eda wanawake walijaa nyumbani, udi, wali, vigelegele vya chinichini. Akanishika mkono akanivuta chumba cha pembeni. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Mwanahawa. Nikuulize kitu, na hapa tuko wawili."

"Uliza."

"Salum kaniambia ulizinyanyua karata zake."

Nikacheka. Cheko gani lile, sijui. "Bi Thuwaiba, eda imekuchosha."

"Kasema ulizikuta mbili iko juu, saba iko chini. Ukazirudisha saba juu. Kasema hilo tu ndilo lililomuudhi, kwamba hukuzirudisha zilivyokuwa."

Rukia, mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau hilo. Nililikumbuka pale pale. Waweza kusema alisikia nilipogonga meza, akafikiri, akajua. Nimelisema hilo miaka yote. Lakini ipi ilikuwa juu na ipi chini, hilo pazia halisemi.

"Wallahi sikugusa," nikasema.

Alinitazama mpaka nikatamani anipige. "Nilitaka kukuradhi leo," akasema. "Nimetoka eda, sitaki kinyongo na mtu. Lakini siwezi kukuradhi kwa kitu ambacho hukukifanya."

Akaniacha pale, akarudi kwa wageni. Mwezi haukuisha, binti yake akamchukua Korogwe. Hatujaonana tena. Mimi sikugusa karata mpaka ulipokuwa mkubwa, ukanisumbua nikufundishe, na mjinga mimi nikakufundisha, kwa sababu wewe, mke mwenzangu, ukitaka kitu sikuwezi.

Watu wanasema niliwahi kuwa na kiburi. Ninacho mpaka leo. Kosa langu siyo kunyanyua karata, kunyanyua ni tamaa ya dakika moja. Kosa ni kwamba nilipoulizwa kwa upole, mahali pa siri, na mtu aliyekuwa ameshafungua mkono, nilishikilia. Na kila mwaka ilikuwa rahisi kushikilia mwaka mmoja zaidi. Nitakwenda Korogwe Idi ijayo. Nitakwenda baada ya mvua. Hatua moja rahisi, nyingine rahisi, na nywele zote zimekuwa nyeupe.

Ukifika huko mezani sikuchagulii mkono. Nakuomba moja tu: siku ukijikuta unaendelea si kwa sababu karata zinakuambia, ila kwa sababu hutaki kuonekana umerudi nyuma, simama utoke nje upunge upepo. Ukiulizwa kitu na mwenye haki ya kuuliza, jibu siku hiyo hiyo.

Hapa niliweka kalamu chini nikasali Magharibi, kisha nimefunua kawa. Nakiri kwamba tangu juzi nimeshanyoosha mkono mara tatu. Leo nimezichukua zile mbili kifudifudi hivyo hivyo, ya juu ikiwa juu, nikazitia katikati ya pakiti nikachanganya. Sijui zilikuwa nini, na sitajua. Pale mkekani palikuwa baridi, usiniulize zaidi.

Radhi yangu, Rukia, unayo. Nimekuradhi, nimekuradhi, nimekuradhi, kwa maziwa niliyokukamulia, kwa mgongo niliokubebea, na kwa kila ulilonikosea ukijua na usipojua. Kosa halikuwa lako kamwe. Juzi uliponiomba niliona haya kutoa kitu ambacho mwenyewe nimekaa bila kupewa.

Mama Getruda bado anauza korosho pale sokoni, amekuwa kibogoyo lakini habari zote anazo. Thuwaiba yu hai. Macho yamefifia, anakaa na binti yake nyuma ya stendi ya Korogwe, nyumba yenye mlango wa buluu. Basi lako linapita hapo hapo. Nilitaka nikutume, ushuke dakika tano, umwambie, "Bibi anasema alizinyanyua." Nimeandika sentensi hiyo hapa mara mbili nikaikata, utaona nilipokata. Aibu ya kumtuma mjukuu kubeba hilo ni kubwa kuliko lenyewe.

Tena njia nyingine ninayo tayari. Asubuhi, nilipokuambia nakwenda kununua nazi ukanishangaa nimerudi bila nazi, nilikuwa nimekwenda kukata tiketi. Tutapanda wote. Mimi nashuka Korogwe. Akinifungulia nitaingia. Asiponifungulia nitakaa barazani kwake mpaka achoke kunisikia nakohoa. Wewe utaendelea na safari yako, usishuke, usinisindikize, usipige simu kila dakika.

Na ndani ya basi usinizungumzishe habari hizi, watu wana masikio. Niulize habari za mahindi tu. Nimechukua kiti cha dirishani, usianze kukililia.

Bibi yako,
Mwanahawa